Usigeuke

Anayetaka kumjua Philemon asianzie ofisi ya mifugo pale Voi, maana huko alikuwa haonekani. Aanzie kwenye josho, au kwenye boma la mtu ambaye ng'ombe wake amelala chini tangu alfajiri na ndama amekataa kutoka. Huko ndiko ungemkuta, shati limevuliwa, mkono umezama mpaka begani, uso ameuelekeza pembeni kama anayesikiliza habari redioni. Alikuwa Mtaita wa Mgange, mwembamba, mchache wa maneno, aliyesomea mifugo Kabete miaka miwili akarudi na cheti, sanduku la sindano na pikipiki ya serikali iliyowaka ikipenda. Watu walimwita daktari. Akishapita, wengine walimwita daktari wa mbwa.

Jina hilo la pili lilitokana na reli. Watu wa reli hawakuwa wa kukaa. Leo mtu yuko Voi, kesho amepewa uhamisho Nakuru au Tororo, anapakia vitanda na kuku kwenye behewa, na mbwa anabaki kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi, akimngoja asiyerudi. Kila treni ikiingia, mbwa hao walikwenda stesheni kuangalia nani anashuka. Kazi ya Philemon ilikuwa kuwachanja, na wale wasio na mwenyewe kuagiza wapigwe risasi. Barua ya mkubwa wake ilisema hivyo bila kuficha. Philemon aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka chini kabisa ya sanduku la sindano, na tangu siku hiyo akawa anawatafutia mbwa hao makwao mapya.

Hakuwagawa ovyo. Akienda Mraru kutibu mbuzi, jicho lake moja lilikuwa kwa mbuzi na la pili lilikuwa kwa mwenye boma: huyu huwatupia mbwa mfupa, au huwatupia jiwe? Mzee Maundu wa Miasenyi, ambaye fisi walikuwa wamemfanya jamaa yao, alipata wawili kwa mpigo. Na mwenye mbwa aliyekuwa bado hajasafiri alipewa sharti moja. Amkabidhi Philemon kamba mchana, aondoke kwa miguu yake, asimwite mbwa, asigeuke.

"Ukigeuka atadhani unamwita," Philemon aliwaambia. "Atakaa akikungoja mpaka afe. Ukienda bila kugeuka, atalia siku mbili tatu, halafu atakula."

Basi ungewaona wanaume wazima, madereva wa treni na mafundi wa mitambo, wanakwenda zao shingo zimekakamaa na machozi yanawashuka. Sharti lilifanya kazi. Mbwa walikula.

Dinah alikuwa binti wa Mzee Obadiah, gadi wa treni ya Taveta, Mpare wa kule Same. Alifundisha watoto wadogo shule ya nasari, na alikuwa na mbwa jike wa kahawia aliyeitwa Bendera, kwa sababu ncha ya mkia wake ilikuwa nyeupe na aliipunga kama baba mtu alivyopunga bendera yake treni ikiondoka. Philemon alimchanja Bendera mara ya kwanza mwaka wa 1974. Mwaka uliofuata alimchanja mara tatu, na landhi nzima ilijua kwamba sindano moja kwa mwaka inatosha.

Jioni alikaa kwenye kizingiti cha akina Obadiah akimweleza Dinah habari za kupe na ndigana, ugonjwa wanaowaletea ng'ombe. Saa nzima, kupe tu! Dinah alisikiliza, akauliza maswali, akacheka palipostahili. Lililokuwa moyoni Philemon hakuligusa.

"Huyo mwalimu wa Kipare utamwambia lini?" mama yake, Mkamburi, alimuuliza kila alipopanda Mgange. "Ama unangoja ng'ombe amwambie?"

"Nitamwambia Krismasi, mama."

Krismasi ilikuja, ikapita. Ikaja nyingine.

Mapema mwaka wa 1977 reli iligawanywa, kila nchi ikachukua yake, na waliotoka Tanzania wakaambiwa wafunge virago. Familia ya Obadiah ilipata nafasi kwenye treni ya Taveta. Vitanda vilikubaliwa, kuku walikubaliwa, mbwa hapana.

Philemon alifika stesheni saa nne asubuhi. Njia nzima juu ya pikipiki alikuwa amejizoeza maneno yake, na yalikuwa machache, ya kuweza kusemwa na mtu yeyote mwenye akili timamu. Dinah alikuja na kikapu mkono mmoja na kamba ya Bendera mkono mwingine. Akampa kamba.

"Nikirudi nitamchukua," alisema. "Sasa nifanye nini, Daktari?"

Na yule bwana, nisameheni, nikifika hapa huwa nataka kumtikisa, alimwambia yale yale aliyomwambia kila mtu.

"Nenda. Usimwite. Na usigeuke."

Dinah alimtazama kitambo, kama anayengoja jambo liongezwe.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Akaenda. Gauni la buluu, kikapu, shingo iliyonyooka. Philemon aliitazama ile shingo mpaka ikaingia behewani. Dinah alikaa upande wa pili, dirisha la mbali. Treni ikapiga filimbi, ikaondoka, naye hakugeuka. Siku chache baadaye mpaka wa Tanzania ukafungwa.

Barua zilikuja tatu, kwa kuzunguka kwingi. "Bendera anakula?" iliuliza ya kwanza. Philemon akajibu kwamba anakula na ana afya. Chini yake aliongeza mstari mmoja. Akausoma, akachana karatasi, akaandika upya bila ule mstari. Barua zote tatu alizijibu hivyo, habari za mbwa mwanzo mpaka mwisho. Ya nne haikuja.

Bendera mwenyewe alilia siku tatu, ya nne akala. Baada ya hapo treni ikipiga filimbi yeye alikuwa amelala kivulini, na aliyeinua kichwa kutoka kwa ng'ombe wa watu alikuwa Philemon. Alimtamani Dinah akiwa kwenye josho, akiwa kanisani, akiwa anakula. Zaidi ya yote aliitamani ile mara moja tu ya kugeuka, aliyomkataza yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Mzee Maundu aliomba apewe Bendera akachunge mbuzi. "Huyu ana mwenyewe," Philemon alijibu. Mama yake alimtajia wasichana wa Mgange mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akachoka, akaacha.

Miaka sita na zaidi ikaenda. Novemba 1983 mpaka ulipofunguliwa, ofisi ilitaka mtu wa kukagua mifugo inayovuka pale Taveta, na Philemon alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Alimpandisha Bendera kwenye Landrova. Mbwa alikuwa mzee sasa, macho yameingia ukungu. Walipita kilima cha Salaita mbwa amemwekea Philemon kichwa pajani.

Siku ya tatu ya soko, Dinah alivuka. Alikuwa amenenepa kidogo, kikapu cha vitunguu kichwani, na mkononi ameshika mtoto wa kike.

"Daktari."

"Dinah. Na huyu?"

"Anaitwa Beth. Ana miaka minne." Akashusha kikapu. "Baba yake ni mwalimu mwenzangu."

Bendera alinusa gauni lake, akalinusa tena, mkia ukapiga mara mbili. Kisha akarudi akalala juu ya viatu vya Philemon.

"Amenisahau."

"Hajakusahau. Amezoea tu."

Dinah aliinama akamkuna mbwa nyuma ya sikio. Akazungumza bila kuinua uso. "Nilitaka kugeuka siku ile, Philemon. Si kwa ajili ya mbwa. Mpaka tunafika Maktau bado nilikuwa nataka. Lakini nilisema, huyu ndiye anayejua. Kama angetaka nigeuke angeniambia."

"Nilitaka," Philemon alisema. "Hata filimbi ilikuwa haijalia, nilitaka."

"Sasa ndiyo unaniambia."

"Sasa ndiyo nakwambia."

Akamnyooshea kamba, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Dinah alitikisa kichwa. "Kufika Same hataweza. Kaa naye."

Alifanya shughuli zake sokoni, na jua lilipoanza kushuka alirudi kuaga. Walipeana mikono kama watu wa ofisi. Yale maneno ya zamani yalimfika Philemon kwenye ulimi, kwa mazoea tu, nenda, usigeuke, naye akayameza.

Dinah alitembea mpaka penye kizuizi. Pale akasimama, akatua kikapu, akageuka. Alisimama akimtazama muda mrefu, mtoto akimvuta gauni. Bendera alikuwa amelala, na hata angekuwa macho asingeona mpaka kule.

Philemon alijua kuliko mtu yeyote katika soko lile kugeuka humfanya nini anayebaki. Hata hivyo aliinua mkono, na alikuwa akimshukuru.