Dawa Iliyopimwa kwa Vibanzi vya Mti

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyeniuliza cheti. Sista wa Wodi alinitazama mabega, akashuka mikononi, akauliza kama ninaweza kumshika mtu bila kumuumiza. Nikamjibu kwamba nimelea wadogo zangu wote pamoja na punda mkaidi, na hakuna aliyevunjika. Akanipa aproni. Ndivyo nilivyoingia kazi ya wagonjwa wa akili, miaka ya sabini, mimi niliyeacha shule darasa la tatu. Ninyi vijana mna vyeti vya kufunika ukuta. Vizuri. Someni na haya.

Msaidizi wa wodi aliosha, alilisha, alishika, na alikagua midomo. Mgonjwa mjanja huficha kidonge chini ya ulimi, ukigeuka anakitema. Sista alinifundisha nimpe maji kisha nimchekeshe, kwa sababu anayecheka hufungua kinywa chote. Yeye ndiye aliyenieleza klopromazini, dawa ya kutuliza zile sauti anazozisikia mgonjwa peke yake. Ilifanya kazi, tusiidharau. Lakini ilikausha kinywa, ilileta usingizi mzito, na iliifanya ngozi iungue upesi juani. Akina mama waliotumia dawa hiyo huku wakiuza mboga soko la mtaa wa Jericho niliwaambia wavae kofia pana na wahamie kivulini. Walionicheka walirudi uso umebabuka. Na amitriptilini, dawa ya huzuni, huchukua majuma kabla mtu hajaona nafuu, ila kinywa hukauka tangu mwanzo. Wengi waliitupa wakisema haina kitu. Niliwauliza kama kwao hufukua mbegu kila asubuhi kuona kama imeota.

Baadaye nikahamishiwa kliniki ya mtaani, chini ya Daktari Msimamizi, mama mfupi asiyependa kurudia neno. Tulizunguka kwa miguu, Pumwani hadi Mathare, mimi nikibeba kisanduku cha dawa na nesi akichoma sindano, mpaka na mimi nikafunzwa kuchoma. Watu wakaniita Mama Sindano. Sindano yetu kubwa ilikuwa flufenazini iliyochanganywa na mafuta ya ufuta. Unaichoma takoni, inakaa kwenye nyama na kuvuja polepole kwa majuma kadhaa. Hapo ulimi hauna cha kuficha.

Kule Pumwani tulikuwa na mchongaji wa vinyago, Mutua, Mkamba kama mimi. Kabla ya dawa, twiga aliowachonga walimtukana, wakamtukania na mama yake, naye akawapasua kwa shoka, wake na wa wenzake. Sindano iliwanyamazisha twiga. Tukafurahi sote. Kisha uso wake ukawa mkavu kama ubao, mikono ikakakamaa, vidole vikatetemeka. Fundi Mkuu wa wachongaji akamnyang'anya tezo, chombo chake cha kuchongea, akamweka kupiga msasa, kazi ya wanaoanza. Huyo alikuwa mtu aliyerithi uchongaji kwa babake.

Nilipofika na kisanduku aliniambia bila kuinua macho, "Mama Sindano, rudi na mafuta yako. Heri twiga wanitukane, mradi niwe nawachonga."

Akiacha dawa, shoka lilikuwa pale pale ukutani. Akiendelea nayo, hana kazi. Nikampelekea Daktari habari yote.

Daktari alisema, "Ubongo hupelekeana habari kwa kitu kinachoitwa dopamini. Ikizidi mahali fulani, mtu husikia yasiyosemwa, na dawa yetu huziba mlango wake. Lakini mahali pengine dopamini hiyo hiyo ndiyo inayolainisha mwendo. Tumeziba milango yote miwili. Mwambie aje, na aje na tezo, hata ya kuazima, na gogo."

Mutua akaja. Akaketi chini uani mwa kliniki, miguu mbele, gogo amelibana kwa nyayo, akaanza. Vibanzi vilitoka vifupi, vimechanika, kama vimetafunwa na panya. Daktari akachutama, akauliza kibanzi cha fundi kinakuwaje. Mutua akasema hutoka kirefu, kimejikunja, hakijakatika. Basi Daktari akapunguza sindano, akamwongezea benzheksoli, kidonge kidogo cheupe cha kulegeza ukakamavu. Tangu hapo ikawa desturi: kwanza achonge, ndipo achomwe. Vibanzi vikiwa vifupi, dawa imezidi. Siku moja viliruka vikubwa mpaka dirishani, naye akawa ananong'onezana na mti. Daktari akapandisha dozi kidogo. Polepole vibanzi vikaanza kujikunja.

Fundi Mkuu bado hakumrudishia tezo, aliogopa shoka la zamani. Lakini wenzake walimwona akichonga pembeni saa ya chakula, mikono imefunguka, wakaamua kidonge cheupe ni dawa ya mikono. Duka moja la mjini lilikuwa limeagiza wanyama wengi kwa haraka. Wakamsumbua Mutua mpaka akawagawia. Kila mmoja akameza kimoja. Fundi Mkuu akameza viwili, kwa kuwa yeye ni mkuu.

Nilipopita niliwakuta wameketi midomo wazi kama kuku wa jua kali. Benzheksoli hukausha kinywa, huukimbiza moyo, na hutia ukungu kwa kitu kilicho karibu na macho. Na kazi yote ya mchongaji iko karibu. Palikuwa na tembo mwenye jicho shavuni. Fundi Mkuu alikuwa anamtilia kifaru pembe upande wa mkia. Niliwakokota wote kliniki. Daktari akawapima mapigo, akawaweka kivulini mpaka mioyo ikatulia, akawaambia akili ingechanganyikiwa kabisa kama wangeongeza. Mutua naye alipata maneno yake.

Kesho yake macho yao bado yalikuwa na ukungu, na mwenye duka anangoja. Aliyeona vizuri ni mmoja tu, yule ambaye mwili wake ulishakizoea kidonge. Fundi Mkuu akashika tezo, akaitazama, akamnyooshea.

"Mutua, shika. Maliza hao wanyama."

"Na msasa atapiga nani?"

"Mimi. Msasa hauhitaji macho."

Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Mutua alichonga wanyama wale, nao wakaenda mjini wakiwa na macho mahali pa macho.

Mimi nimestaafu, na nasema bila haya kwamba tulishinda. Hatukushinda kwa wote, wapo waliotuacha, na wapo ambao dawa haikuwapatia nafuu. Twiga wa Mutua hunong'ona mara moja moja, naye huja kliniki kabla hawajapaza sauti. Wauguzi wapya huniuliza mgonjwa aliyepona anafananaje. Wanadhani nitasema mtulivu, mnyamavu. Mtu mnyamavu huenda dozi imemzidi.

Wiki yangu ya mwisho kazini Mutua alikuja kuchomwa. Wakati huo yeye ndiye Fundi Mkuu. Nilitaka tukae, tuongee, tuagane kama watu. Alikuwa ameshalegeza mkanda wa suruali, anatazama mlango.

"Fanya haraka, Mama," akasema. "Watu wangu wananingoja kazini."