Mlio wa Gari la Obwocha

Nianze kwa kukiri kwamba nina kinyongo na Obwocha. Nimelala chali chini ya gari lake mara tatu, mara mbili kati ya hizo kwenye matope, kwa hiyo sitajifanya nasimulia bila kuegemea upande. Mnisome mkijua hivyo.

Obadiah Obwocha ni mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya upimaji ardhi mjini Kisii. Anaishi Nyanchwa na mkewe Nyakerario na binti yao Ashley. Ni mtu mrefu, mpole, shemasi kanisani, na ukimuuliza ni saa ngapi atakueleza kwanza saa yake aliinunua wapi. Ofisini wenzake humkwepa. Kanisani humpa matangazo mafupi asome, naye huyarefusha. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo maneno yake yote yalitakiwa, napo palikuwa jukwaa la mtandaoni la wenye magari lililoitwa Boneti Wazi.

Vijana ambao hawakuwahi kuona jukwaa, niwaeleze. Ulikuwa unafungua uzi, unaandika shida ya gari lako, kisha unangoja. Siku mbili, hata tatu. Hapakuwa na picha zinazocheza. Sheria yetu kuu ilikuwa kwamba mlio lazima uelezwe kwa maandishi. Ukiandika tu kwamba gari linasumbua, ulirudishwa kama mtoto aliyeacha daftari nyumbani. Ilibidi ukae, ukumbuke, utafute neno.

Mwaka wa 2012 Obwocha alifungua uzi kuhusu steshoni wagoni yake nyeupe. Kichwa kilisema: Gari langu linagonga nikipanda, nikishuka linanyamaza. Chini yake akaeleza mlio wenyewe: ko, kisha kimya cha pumzi moja, kisha ko-ko, kama mgeni anayebisha mlango bila hakika kama ndiyo nyumba yenyewe.

Uzi ule ulishika moto. Watu waliandika kutoka Mombasa, Kericho, hata Mwanza. Kulikuwa na kambi ya bushi, zile raba za kwenye viungio, na kambi ya shokamzoba, na hazikusalimiana. Persis, muuguzi wa Nyamira aliyeita kila gari "mgonjwa", aliuliza kama mgonjwa hukohoa pia asubuhi. Mimi, Jasper, mwenye duka la dawa za mifugo pale Marani, nilikuwa kambi ya shokamzoba. Nilichora hata mchoro. Nilisoma uzi ule mpaka nikaanza kuusikia mlio kwenye pikapu yangu mwenyewe, nikabadilisha shokamzoba zote mbili za nyuma, ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mwishowe sikuvumilia. Jumapili moja nilitoka Marani na jeki yangu nikaenda Nyanchwa kumtafuta mtu nisiyemjua sura. Tulipanda kilima pamoja na nikausikia kwa masikio yangu mawili: ko, kimya, ko-ko. Nilikaribia kupiga makofi. Nililala chini ya gari saa nzima nisione kitu. Nyakerario akatuletea chai na ndizi za kuchemsha, tukazungumza mpaka jioni, na tangu siku hiyo nikawa na rafiki.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mimi sikulijua kwa miaka kumi na moja, ila ninyi ni haki yenu kulijua sasa hivi.

Ijumaa moja ya mwaka wa 2013, siku ya maandalio, Obwocha alikuwa akisafisha gari kwa ajili ya Sabato. Akainua ubao wa sakafu ya buti. Pembeni ya gurudumu la akiba palikuwa na yai. Yai la jiwe la sabuni, lililochongwa kule Tabaka, alilomnunulia shangazi wa mkewe kama zawadi, likapotea akaamini kuwa limeibwa. Gari likipanda, yai liliviringika nyuma likagonga bati. Likishuka, yai lilikwenda mbele likalala juu ya tambara. Hiyo ndiyo siri yote.

Obwocha alikwenda mbio kwenye kompyuta kuandika jibu. Akakuta majibu mapya sitini na moja ya siku hiyo. Mtu wa Mwanza alikuwa amemuamkia kwa jina. Mimi nilikuwa nimeweka mchoro wa pili, wenye rangi. Alikaa akausoma uzi wote, kisha akazima kompyuta, akaliweka yai kwenye droo ya soksi.

Na hapa ndipo ninapomchukia kwa heshima. Obwocha ni shemasi, hasemi uongo. Kwa miaka kumi na moja hakuandika hata mara moja kwamba gari linagonga. Tulipouliza habari za mlio, aliandika: "Bado nasikiliza." Nilipokwenda mara ya pili na ya tatu kulala chini ya gari, alisema, "Leo limenyamaza," na ilikuwa kweli tupu. Mimi sikushuku. Gari likiona fundi hunyamaza, kila mwenye gari anajua hilo. Mara ya tatu mvua ilinyesha, naye akasimama juu yangu na mwavuli saa nzima, akinikinga miguu, huku yai liko ndani kati ya soksi.

Wakati huohuo jukwaa lilianza kukauka. Kwanza watu walihamia Facebook, wakasema watakuwa wakirudi jioni. Hawakurudi. Halafu yakaja makundi ya WhatsApp. Obwocha aliingia kundi la wenye magari la Kisii na Nyamira, akaandika ujumbe wa kurasa mbili kuhusu mafuta ya gia. Ujumbe ulikatwa katikati na neno "soma zaidi", na hakuna aliyesoma zaidi. Alipata vidole gumba vinne na picha ya mtoto anayepiga miayo. Kisha Ashley akamhurumia, akamweka TikTok. Obwocha alisimama kando ya gari akaeleza historia ya mlio kwa dakika kumi na moja. Ashley akakata ikabaki sekunde kumi na tano, akaweka na muziki. Watu elfu tatu walitazama, na waliozungumza walizungumza juu ya suruali yake.

Mwaka jana, jukwaani tulibaki watatu: Obwocha, Persis na mimi. Kila Jumapili asubuhi tuliandika mambo yetu kwenye uzi wa mlio. Wakati huo hatukuzungumzia tena bushi. Persis aliandika kuhusu kustaafu kwake. Mimi niliandika siku mke wangu alipolazwa, na Obwocha akanijibu aya tisa, nikazisoma zote, nikarudia. Sikuwa na mahali pengine ambapo mtu angeniandikia aya tisa.

Halafu msimamizi wa jukwaa, bwana mmoja wa Nairobi tuliyemjua kwa jina la Plagi, akaweka tangazo. Alisema amechoka kuweka taa kwenye ukumbi mtupu. Kama mwezi ungeisha bila watu hamsini kuandika chochote, angezima kila kitu, nyuzi zote zifutike.

Tulijaribu. Persis aliwaandikia barua pepe watu thelathini, wawili wakamjibu kwamba wako safarini. Mimi niliomba kwenye kundi la WhatsApp nikatumiwa vidole gumba. Zilibaki siku nne. Obwocha, kama nilivyokuja kuambiwa na mkewe, aliacha kula vizuri. Nyakerario alilijua yai tangu siku ya kwanza, maana yeye ndiye hupanga soksi. Alimwekea chai mezani, akaketi.

"Baba Ashley, watu hawarudi kwa kubembelezwa," alisema. "Wakasirishe, utaona."

Obwocha alimwelewa mara moja, na ndiyo sababu hakulala vizuri siku hiyo. Alijua kuna mtu mmoja ambaye hasira yake isingekuwa ya mtandaoni. Kuokoa jukwaa kungemgharimu mimi. Kuninyamazia kungemwachia mimi bila jukwaa, na hakuwa na hakika kama bila jukwaa tungeendelea kujuana.

Jumatano asubuhi aliandika ujumbe mfupi kuliko yote aliyowahi kuandika: "Ndugu zangu. Mlio ulikuwa yai la jiwe kwenye buti. Nililipata mwaka wa 2013. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mnakuja." Akaweka picha ya yai juu ya soksi.

Sijui habari hupitia wapi. Kufikia saa nane mchana walikuwa wamerudi. Watu waliokuwa wamesahau nywila zao waliomba mpya ili tu waje kumtukana. Wa Kericho alikuwa amemfukuza fundi wake kwa sababu ya uzi ule. Wa Mombasa aliuza gari. Kambi ya bushi na kambi ya shokamzoba ziliungana kwa mara ya kwanza. Mchungaji mmoja alisema alikuwa amehubiri juu ya mlio ule, kwamba ndiyo dhambi iliyofichika inayomshinda kila fundi, na sasa alitaka kujua awaambie nini waumini. Mwanasheria wa Nakuru alijitolea kuusoma uzi wote, kurasa mia nne na kumi, ili aonyeshe Obwocha alipodanganya. Alirudi siku ya pili akiwa mnyonge. Hakupaona. Palipigwa kelele upya.

Watu mia moja na kumi waliandika. Plagi akaondoa tangazo lake. Mtu pekee ambaye hakuandika ni mimi.

Niliumia, nasema wazi. Shokamzoba nilishazisahau. Niliumia kwa ajili ya ule mwavuli. Jumapili nilikwenda Nyanchwa bila jeki. Nyakerario alinikaribisha, akatuacha. Obwocha alikuwa ameketi na yai mezani mbele yake, akingoja, mikono ya shati imekunjwa sawasawa.

Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Nilimwambia mtu mzima haachi mwenzake alale kwenye matope akitafuta kitu kilicho ndani ya soksi. Alisikiliza mpaka nikamaliza, na hakurefusha.

"Jasper, kama ningekuambia ile siku," alisema, "ungekuja tena?"

Nilitaka kusema ndiyo. Marani ni Marani na Nyanchwa ni Nyanchwa, mimi nauza dawa ya kupe na yeye anachora mipaka ya mashamba. Ningekuja kufanya nini? Nilichukua yai, nikamwambia hiyo ni faini, nikaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo Nyakerario bado ananisema.

Hasira za watu zilidumu wiki tatu. Kisha mmoja mmoja wakarudi kwenye video zao. Jukwaa lilibaki wazi, ila Jumapili waliandika wawili tu, Obwocha na Persis, na Persis aliniuliza mara mbili kama mimi ni mzima. Nilisoma bila kujibu. Yai lilikaa juu ya kaunta yangu likizuia magazeti yasipeperuke, na wateja waliuliza kama ni la kuku wa aina gani.

Mvua za Aprili zilipoanza, Ijumaa moja nilifunga duka mapema. Nililichukua yai nikaliweka nyuma ya pikapu, chini ya ubao, nikapanda nalo kilima cha Marani polepole. Ko. Kimya. Ko-ko. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Nikafungua uzi mpya: Gari langu linagonga nikipanda, nikishuka linanyamaza.

Persis alitangulia kuuliza umri wa mgonjwa. Obwocha alichukua saa mbili. Halafu likaja jibu lake, aya kumi na mbili. Mlima una mwinuko gani? Gari lilikuwa tupu au limepakia? Mlio ni mkavu au una mwangwi? Hakutaja yai popote. Mwishoni aliandika kwamba jambo hili si la kubahatisha kwa maandishi tu, na kwamba Jumapili, nikikubali, atakuja Marani alale chini ya pikapu aangalie vizuri.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na uwanja wangu ulikuwa tope tupu. Nikamjibu aje, mwavuli nitashika mimi.