Huyu Alituacha

Naona haya kuisimulia hii, lakini kwa vile watu wa Ruiru wanaisimulia wakiitia chumvi, afadhali niiseme mwenyewe. Mimi ndiye yule MC aliyesimamisha watu kumkumbuka marehemu ambaye hakuwa marehemu. Ndiyo, yule. Hata leo nikipita Gitothua kuna mama wa mboga huniuliza leo nazika nani.

Nilikuwa nataka kumwoa Wairimu (bado nataka, tutafika hapo), na wazee wetu walikuwa waende kwao baada ya Pasaka. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Gitau, mtu wa maneno machache, ambaye kila nikimtembelea alinitazama kama fundi aliyekuja kuomba kazi bila vyombo. Zamani mzee alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya Thika iliyoitwa Maporomoko Jazz, ambayo vijana wa leo hawaijui, lakini enzi zake watu wa viwandani wakipata mshahara walikuwa wanaoga mbiombio wawahi viti, na santuri zake ziliuzwa na Mhindi mmoja karibu na soko, ambaye alikuwa akiweka spika nje ya duka mpaka wapita njia wanasahau walikotumwa.

Basi mama yake Wairimu akaamua kumfanyia mzee sherehe ya kuzaliwa pale nyumbani, na mimi kwa kiherehere changu nikasema nitakuwa MC, tena nitasoma na historia ya bendi. Hakuna aliyeniomba historia. Nilitaka tu mzee anione mtu.

Nikaenda kwake kuuliza maswali. Akatoa picha ya bendi, vijana wamevaa suruali pana chini, akaanza kunionyesha mmoja mmoja. Huyu wa ngoma sasa anafuga ng'ombe Gatundu, huyu wa tarumbeta yuko kwa binti yake Amerika. Kisha kidole kikasimama juu ya kijana mtanashati aliyeshika maikrofoni.

"Huyu ni Njuguna. Tulimwita Kinanda, kwa ile sauti," akasema. "Huyu alituacha."

Nikainamisha kichwa. "Pole sana, mzee."

"Tulizoea."

"Ilikuwa ghafla?"

"Ghafla kabisa. Jumamosi tumepiga na yeye pale Thika, Jumatatu hayuko. Hata kuaga hakuaga."

Akaigeuza ile picha kifudifudi, akanywa chai. Sasa niambieni, nyinyi mngeuliza nini zaidi? Kwetu mtu akisema fulani alituacha, unasema pole na unanyamaza, huulizi alienda wapi. (Ningeuliza, ningeambiwa Mombasa. Njuguna alichukuliwa na bendi ya hoteli ya watalii, yenye vyombo vipya na sare, akaondoka na nyimbo zao, na ule mmoja uliovuma redioni, ambao alitunga na Mzee Gitau jikoni kwa mama yake Gitau, ukatoka kwa jina lake peke yake. Maporomoko Jazz ikafa polepole, mzee akauza gitaa. Hayo yote niliyajua nikiwa nimeshaharibu.)

Ningetaja tu jina lake na kuendelea, labda isingekuwa mbaya. Lakini nilikuwa nimemwona mzee akigeuza ile picha, nikaona hapa ndipo pa kumgusa moyo. Nikamwomba Wairimu anitumie ile picha kwa simu, nikaenda cyber ya Mwiki, pale wanapochapisha picha, wakamkata Njuguna peke yake, wakampanua, wakamtia fremu nyeusi, na yule msichana wa cyber akauliza kama aandike chini "Pumzika kwa Amani," nikasema andika. Nikanunua na mshumaa.

Kitu nisichojua ni kwamba mama yake Wairimu naye alikuwa na lake. Alikuwa amesikia Njuguna amerudi, amestaafu, anakaa Kahawa Sukari kwa mwanawe, akamwalika bila kumwambia mtu, hata Wairimu, maana alichoka kumwona mumewe akizima redio kila wimbo ule ukipigwa.

Siku ikafika. Hema limejaa, mzee amefichwa ndani ya nyumba mpaka aitwe, mama yuko nyuma kwenye masufuria ya pilau, nami nakunywa maji kila dakika. Akaingia mzee mmoja wa kofia, amechelewa, nikamkaribisha vizuri sana na kumpa kiti cha mbele, hatua chache kutoka mezani. Picha bado ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nikasoma historia, watu wakacheka pale pa kucheka, nikapata nguvu. Nikafunua picha, nikawasha mshumaa.

"Kabla hatujamwita mzee wetu," nikasema kwa ile sauti yangu ya matanga, "naomba tusimame kwa heshima ya mwenzao aliyewatangulia."

Watu wakasimama. Yule mzee wa kofia pia akasimama, akavua kofia, na bila miwani akamnong'oneza jirani yake, "Ni nani amekufa?" Nilimsikia. Nikaona pia mama yake Wairimu ametokea kando ya hema na mwiko mkononi, anaupungapunga, nikadhani ananiambia niendelee. Lakini uso wake haukuwa wa kuendelea, na mimi nikiingiwa na wasiwasi huwa naongeza maneno, kwa hivyo nikaongeza: kwamba aliondoka ghafla, kwamba hakupata hata nafasi ya kuaga, kwamba sauti ya Njuguna Kinanda sasa inaimba mbinguni.

"Njuguna gani?" mzee wa kofia akauliza. Akaisogelea meza, akainama, akaikodolea macho ile picha. "Kijana, huyu ni mimi."

Hapo hapo mlango wa nyumba ukafunguka. Mzee Gitau alikuwa amesikia kimya kimezidi, akaja kuona. Akaona mshumaa, akaona picha, akaona watu wamesimama vichwa chini. Akaketi pale pale kwenye ngazi.

"Njuguna amekufa?" akasema. "Lini? Mbona hakuna mtu ameniambia?" Na akalia. Yule mzee ambaye Wairimu hajawahi kumwona akilia, alilia mbele ya watu wote, na aliyemliza ni mimi.

Yule wa kofia akatembea taratibu mpaka kwenye ngazi. "Gitau. Wacha kulia. Niko hapa."

Mzee akajifuta macho, akamtazama. Kisha akanigeukia, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. "Sikusema amekufa," akasema. "Nilisema alituacha."

Hapo watu wengine wakaanza kucheka, lakini Njuguna hakucheka. "Ni kweli," akasema. "Niliwaacha." Akaketi kando yake. Kisha Njuguna akanipigia kelele kutoka pale ngazini, "Kijana, malizia kusoma, nataka nisikie. Na pale pa wimbo, andika tulitunga watu wawili."

Niliandika, kisha nikasoma mpaka mwisho. Wairimu alizima mshumaa.

Tangu hapo naitwa MC Matanga, na nimeapa kwamba mtu akiniambia fulani ametuacha, nitauliza, hata nionekane sina adabu. Wazee wetu hawakwenda baada ya Pasaka (baba yangu alisema tungoje watu wasahau). Juzi nilikuwa kazini, simu ikalia, ni mama yake Wairimu, anahema.

"Mzee Njuguna ametuacha sasa hivi," akasema.

Nikakumbuka kiapo changu, nikajikaza. "Ameenda wapi, mama?"

"Si kwake, Kahawa Sukari. Na amesahau gitaa lake hapa kwetu, nimemkimbilia nikamkosa. Baba Wairimu anasema uje kesho ulichukue umpelekee, na uje na wazee wako."