Jina la Papa Ngoy Lilibaki Chini

Naukumbuka msimu mmoja wa mvua hapa Kalemie, mwanangu, na kila nikiukumbuka naonja shubiri. Zilikuwa zama za Zaire. Biro ya reli, ofisi yetu, ilikuwa imepata kompyuta, na mimi peke yangu ndiye niliyesomea kuiandikia programu, basi nilitembea mjini kama ziwa lote ni la baba yangu.

Chefu, mkubwa wa biro, alitaka nyumba za wafanyakazi wapewe waliotangulia kuomba. Shida ni kwamba katika kompyuta kila mwombaji mpya aliwekwa juu ya wenzake, na aliyetangulia akawa chini kabisa. Huyo wa chini alikuwa Papa Ngoy, fundi wa reli aliyenilipia minerval, karo ya shule, nilipofiwa na baba. Nyumba yake ilivuja kila pembe, na mke wake alikuwa akikohoa humo ndani. Nilimwahidi kwa mdomo wangu kwamba jina lake litapanda.

Kugeuza safu ya majina si kazi kubwa. Wa kwanza anabadilishana na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, hivyo hivyo mpaka katikati, na hapo unasimama. Mimi sikusimama. Niliiacha programu iende mpaka mwisho, ikawarudisha wote ilikowatoa. Nikachapisha, nikapeleka bila kusoma. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia mjuzi?

Nyumba zikaenda kwa walioomba juzi. Nilipogundua nilimkimbilia chefu na karatasi iliyo sawa. Hakuishika hata. Alisema mashini haina ndugu, na funguo zimeshatoka.

Nikaenda kwa Papa Ngoy, nikamwambia mashini ilikosea. Alinitazama sana.

"Mutoto," akasema, "mashini haikuniahidi kitu. Njo weye uliniahidi."

Mama Ngoy alikufa mvua zile zile, katika nyumba ile ile. Papa hakunitukana kamwe. Alinisalimia vizuri mpaka kufa kwake, na salamu zile ziliniuma kuliko matusi.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu amezeeka pamoja nami. Ukigeuza mpangilio wa watu, jua pa kusimama. Kisha soma kilichotoka, jina kwa jina, kabla mkubwa hajatia sahihi. Na ukikosea, sema umekosea. Usiitume mashini ikuombee radhi. Mungu akuonyeshe kosa lako mapema, na kazi ya mikono yako isimnyime mtu paa.