Jumanne za Padre Nicanor

Padre Nicanor Musyoka alipoletwa Utange kuwa paroko, watu walimwona padre wa kawaida tu, tena mwenye kasoro zake. Mahubiri yake yalikuwa marefu, hata mama mmoja alizoea kusema kwamba anayebandika mbaazi kabla ya misa ya Padre Nicanor amezichoma mwenyewe. Majina yalimponyoka. Akikasirika na bibi harusi aliyechelewa, hakuficha. Alikuwa Mkamba wa Kibwezi, umri wake miaka sitini na mmoja, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili.

Nyevu naye alimwona hivyo hivyo. Yeye alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuponda kokoto kwenye machimbo ya mawe nyuma ya Utange. Mumewe, Kaingu, alikuwa mwashi. Alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jumba lililokuwa likijengwa Mkomani, akafa palepale, wakati binti yao wa pekee, Linda, ana miaka saba. Linda alizaliwa kiziwi. Januari iliyofuata msiba huo, masista walimpatia nafasi katika shule ya bweni ya viziwi, na huko akakaa mpaka alipomaliza darasa la nane, nyumbani akirudi likizo tu. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, msusi wa nywele pale Mtopanga, mwepesi wa vidole, na mwepesi wa kununa pia.

Shuleni alijifunza lugha ya ishara. Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Nyevu alijua ishara ya kula, ya kulala, ya maji, ya njoo na ya wacha. Kwa hizo tano mama na mwana waliishi, wakapika pamoja, wakagombana na kupatana, na Nyevu hakuona kama kuna kilichopungua. Alijiambia: mwanangu namjua, nimemzaa mimi.

Kwaresima ya kwanza ya Padre Nicanor, Nyevu alimpeleka Linda kwenye kitubio kama ilivyokuwa desturi yao. Aliungama dhambi zake mwenyewe, kisha akamvuta binti karibu.

“Na huyu, padre, namsemea. Ana hasira. Ananuna. Wakati mwingine hataki kuja misa.”

“Dhambi zake wazijuaje?” padre akauliza.

“Ni mwanangu.”

“Amekwambia?”

Padre alimtazama Linda, na Linda alikuwa akitazama midomo yao, huyu kisha huyu, kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba ambayo hajakaribishwa. Padre akamwekea mkono kichwani, akamwombea, akawaruhusu kwenda. Lakini waliokuwa nyuma kwenye foleni walisema baadaye kwamba alikaa kitambo bila kumwita mwingine.

Baada ya Pasaka, padre akaanza kupotea kila Jumanne. Alitoka asubuhi, akavuka daraja la Nyali, akarudi jioni. Midomo haina kufuli: wengine walisema anaumwa na anaficha, wengine wakasema mengine yasiyosemeka mbele ya watoto. Charo, katekista, ambaye alijua kila kitu cha parokia, hili hakulijua, na lilimkereketa.

Jumapili moja ya Agosti, watu wakitoka misani, padre alisimama mbele ya Linda mlangoni mwa kanisa. Akainua ile mikono yake iliyopinda, akaichezesha hewani polepole, jasho likimtoka kama mtu anayebeba gunia. Linda akakodoa macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Padre alikuwa amekusudia kumuuliza jina lake. Alichouliza ni jina la mbuzi wake.

Hakuona haya. Akamnyoshea Linda mikono, nisahihishe. Linda akafuta machozi, akamshika kidole kimoja kimoja, akamwonyesha. Watu wote wa Utange walisimama juani wakitazama paroko wao akifunzwa kama mtoto wa chekechea, na hakuna aliyecheka tena.

Hapo ndipo siri ya Jumanne ilipofunuka. Kule Changamwe kulikuwa na fundi cherehani kiziwi aitwaye Boga, aliyefundisha lugha ya ishara kwenye chumba kimoja nyuma ya duka lake. Wanafunzi wake walikuwa wauguzi vijana na wazazi wachache. Na sasa padre mzee, aliyekaa benchi la mbele na daftari lake, na ambaye Boga alimpiga kofi la mkononi kila alipokosea.

Majilio yakafika, majuma yale ya kungojea Krismasi, na kitubio kikatangazwa. Siku ile padre hakuingia kwenye kiti chake cha kuungamishia, mle gizani. Aliweka viti viwili nje, ubavuni mwa kanisa, penye mwanga mweupe wa asubuhi, kwa sababu mikono haisikiki gizani. Akawaambia watu waliopanga foleni:

“Ndugu zangu, maneno ya Linda yataonekana. Naomba mgeuke mtazame barabarani.”

“Lakini padre, sisi hatuijui lugha yenyewe,” Charo akasema.

“Hata hivyo, Charo. Geuka.”

Wakageuka. Watu zaidi ya sitini, wazee wenye mikongojo, akina mama na watoto mgongoni, wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakiharakia zamu, wote wakalipa kanisa mgongo, wakasimama wakitazama barabara. Hakuna aliyekohoa. Nyevu alikuwa miongoni mwao. Nyuma yake hakusikia sauti, isipokuwa mara mojamoja kiganja kikigonga kiganja, na bangili za Linda. Alihisi kwamba nyuma ya mgongo wake jambo kubwa linapita, na kwamba akigeuka atakuwa ameiba.

Ilichukua karibu saa nzima. Linda alipomjia na kumgusa bega, uso wake ulikuwa umelowa, tena umetulia, uso ambao Nyevu hakuwahi kuuona. Nyevu akamshukuru Mungu. Na hapo hapo, chini ya ile shukrani, kitu kikamchoma. Saa nzima! Mwanawe alikuwa na maneno ya saa nzima, na yeye hajawahi kuyasikia hata ya dakika tano.

Siku ya pili yake alikwenda nyumbani kwa padre na vumbi la kokoto bado nyweleni.

“Shikamoo, padre.”

“Marahaba, Mama Linda. Karibu uketi.”

“Sikuja kuketi. Nataka kujua mwanangu alikwambia nini.”

“Hata angeniambia amekula ndizi, nisingekwambia,” padre akajibu kwa upole. “Muulize mwenyewe.”

“Nimuulize kwa mdomo gani?”

“Kwa mikono hiyo.”

Nyevu akaitoa mikono yake mbele, viganja vigumu kama gome, ukucha mmoja umekufa kwa nyundo. “Hii ni mikono ya kuponda mawe, padre.”

Padre akaiweka yake kando ya ile, vile vidole vilivyokwenda kila kimoja njia yake. “Na hii je, ni ya nini? Jumanne natoka saa mbili.”

Nyevu alimuuliza kwa nini amejitesa hivyo katika umri huo, kwa ajili ya msichana mmoja. “Nina miaka thelathini na tatu ya upadre,” padre akasema. “Kila nilipokwenda walikuwako watu kama Linda, wamekaa benchi la nyuma, nami nikawabariki nikapita. Siku ile ulipomsemea, nikaogopa. Nikaona nitakufa, nitaulizwa habari zao, na sitakuwa na la kujibu.”

Kwa hiyo Jumanne Nyevu aliacha nyundo, akaenda Changamwe na padre. Wiki za mwanzo alilia. Vidole havikumtii, na Boga alimpiga kofi yeye pia. Njiani kurudi padre alimfanyisha mazoezi, wawili hao wakipunga mikono kando ya barabara, na wapita njia wakidhani wanagombana. Linda mwanzoni hakuamini. Mama yake alipomwambia kwa ishara “sukari imekwisha,” alimtazama kama aliyeona jiwe limefumbua macho.

Miezi sita ilipita. Alasiri moja walikuwa wamekaa kizingitini wakimenya muhogo. Linda akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akauliza polepole ili mama aelewe.

“Baba alikwenda wapi?”

Nyevu alidhani amekosea kusoma. Akamwomba arudie. Linda akarudia.

Basi ndipo Nyevu alipofahamu. Siku ya msiba watu walijaa, wakalia, wakasafiri kwenda kuzika na Linda akaachwa kwa jirani, na katika kelele zile zote hakuna aliyemgeukia mtoto wa miaka saba kumweleza. Wangemweleza kwa lugha gani? Walidhani ameona mwenyewe, ameelewa. Alichoona ni kwamba aliamka baba hayupo, wala mwiko wake wa uashi, na hakurudi tena, na mwezi wa kwanza yeye naye akapandishwa gari kupelekwa mbali. Miaka kumi na miwili aliamini kwamba baba alichoka kuwa na mtoto kiziwi, na mama naye nusura achoke.

Nyevu akaweka kisu chini, akajibu kwa mikono. Maneno mengine hakuyajua, akayatafuta, akayabuni. Baba alianguka. Juu sana. Hakukuacha. Alikupenda. Siku ile asubuhi alikubusu umelala. Linda akaitazama mikono ya mama yake mpaka neno la mwisho, kisha akamwangukia mapajani, muhogo ukamwagika, na kilio alicholia kilikuwa cha mtoto wa miaka saba.

Jumamosi iliyofuata padre aliwachukua kwa pikapu yake mpaka nyumbani kwa akina Kaingu, upande wa Kaloleni, kwenye kaburi. Wakwe wa Nyevu walikusanyika wakingoja wimbo na sala. Padre akavaa stola, ule utepe wa kipadre wa shingoni, akasimama mbele ya Linda, akaanza ibada ya marehemu kwa mikono, mwanzo hadi mwisho. Hakutoa sauti hata moja. Wazee wa Kigiriama, wanaojua kuliaga kaburi kwa vishindo, walisimama kimya na kofia mkononi. Upepo ulipita kwenye mikorosho. Nyevu alizifuata sala zile kwa macho, akaelewa karibu zote, na akasema baadaye kwamba hajawahi kuona mbingu ikiwa karibu na ardhi kama siku ile.

Habari zikaenea. Viziwi wakaanza kuja Utange kila Jumapili ya tatu ya mwezi: msukuma mkokoteni kutoka Likoni, mvuvi na mkewe kutoka Mtongwe, Boga mwenyewe na familia yake, wasichana wa kiwandani. Padre alihubiri kwa mdomo na mikono kwa pamoja, na kwa kuwa vidole vyake vilichoka upesi, mahubiri yakawa mafupi. Wasiokuwa viziwi walisema hiyo nayo ni neema. Na kila ilipofika zamu yao ya kuungama, foleni iligeuka barabarani bila kuambiwa. Hata wageni waligeuka. Aliyekuwa mbele yao aliwagusa tu mkono.

Aliwahudumia hivyo miaka saba. Mei ya mwaka ule wa mwisho, mvua zikiwa zimechacha, moyo wake ulisimama akivua viatu baada ya misa ya asubuhi. Charo alipomkuta alikuwa ameegemea ukuta wa sakristia, chumba chake cha kuvalia mavazi ya misa, kiatu kimoja mguuni.

Nyevu aliletewa habari machimboni. Hakukaa kulia. Alitembea na matope yake mpaka Mtopanga, akamkuta Linda amefika katikati ya kusuka kichwa cha mteja, akamgeuza, akamwambia kwa mikono yake mwenyewe: Padre amekufa. Leo asubuhi. Hakuteseka. Nimekuja kwako kwanza. Linda akauliza yote aliyotaka kuuliza, na yote akajibiwa.

Siku ya mazishi askofu alikuja na mapadre wasiohesabika. Kanisa halikutosha, watu wakasimama mpaka barabarani kwenye mvua, Waislamu wa jirani wakafungua kumbi zao na nyua zao kuwakinga. Ulipofika wakati wa kusema neno, Linda alipanda altareni na Nyevu akasimama kando kumtolea sauti.

“Alikuwa na lafudhi mbaya,” Linda akasema kwa mikono, na Nyevu akasema kwa sauti. Kanisa likacheka na kulia pamoja. “Mpaka mwisho alichanganya neema na nyama. Lakini alinisikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa mtu wa kwanza kusikia moyo wangu. Wa pili ni huyu anayesema sasa.”

Nyevu akainamisha uso hapo, na askofu mwenyewe akamshika mkono mpaka aliponyanyua uso.

Linda sasa ni katekista wa viziwi, wa kwanza parokiani, na Pasaka iliyopita aliwaleta watu kumi na mmoja kwenye maji ya ubatizo. Bado anasuka nywele Mtopanga siku za kazi. Nyevu angali machimboni, ingawa Jumanne hapatikani. Amefungua darasa la wazazi kwenye ukumbi wa kanisa, na aliyechelewa anasimama nje mpaka nusu saa iishe, hata awe nani.