Nyuki Mdoezi wa Ukutani kwa Dada

Dobi wa hoteli alikuwa na wivu, tena si wivu wa mume. Alimwonea wivu dada yake mkubwa. Binti yake wa miaka mitatu, aliyelelewa kwa huyo dada, alimwita dada "mama" na yeye mzazi akamwita "mama wa Jumamosi." Jina hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki nzima alipiga pasi mashuka ya watu asiowajua, akalala chumba cha wafanyakazi, kitanda cha juu. Jumamosi hiyo alitoka kazini moja kwa moja, hata dukani hakupita, roho ikimchemka. Leo angemchukua mtoto wake, liwalo na liwe.

Aliwakuta uani wamechuchumaa mbele ya ukuta wa udongo, vichwa vimegusana.

"Hodi, dada."

"Karibu, mdogo wangu. Njoo uone vituko."

Ukuta ulikuwa na matundu. Nyuki mnene mwenye manyoya ya kahawia alitua, miguu imejaa chavua ya manjano, akazama ndani. Pembeni alikaa mwingine, mweusi tii, ana madoa ya buluu yanayong'aa, kajipamba utadhani anakwenda harusini.

"Huyo mrembo ni mdoezi," dada alisema. "Hachimbi, habebi kitu. Anangoja mwenye nyumba atoke, anaingia chapuchapu, anataga yai lake, huyoo. Buu lake likianguliwa linamuua mtoto wa mwenzake na kula akiba yote."

Moyoni dobi alishamvika dada yake yale madoa ya buluu.

"Wadoezi wengine tunawajua," alisema. Dada alijifanya hakusikia.

"Analala wapi?" mtoto aliuliza.

"Hana kwake, mwanangu. Usiku anauma kijiti kwa taya zake, anang'ang'ania hapo hapo mpaka kunakucha."

Dobi akakumbuka kile kitanda cha juu.

Nyuki wa kahawia akatoka, mdoezi akaingia. Mtoto alimgeukia mama yake, akamtazama mkono huu na huu, kama alivyozoea kila Jumamosi.

"Umeleta nini?"

Hakuleta kitu. Akatazama mikono ya dada: ilikuwa na unga mpaka kwenye vifundo. Wivu ukampanda upya, na safari hii ulimuuma zaidi, maana hakuona wa kumlaumu.

"Leo uji napika mimi," alisema.

Dada akampisha mlangoni. Jikoni dobi alifungua mkebe huu, akafunga ule. Sukari haioni, mwiko hauoni. Mtoto alisimama kizingitini akimwangalia anavyohangaika, kisha akaja akamshika kidole, taratibu, kwa adabu zote anazofanyiwa mgeni.

"Kijiko changu kiko huku," alimwambia.