Mkono wa Pili wa Kinyozi

Majibu ya damu ya mdogo wangu yalikuja safi kabisa. Mwaka haujaisha, akaanza kujisaidia damu.

Jamani! Inakuwaje?

Wadogo zangu ni mapacha, mmoja kinyozi, mwingine fundi viatu. Wamefanana mpaka mimi dada yao nilikuwa nawachanganya. Baba yetu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, daktari akatuita watoto wote. Alitaka kujua kama tumerithi jeni yenye hitilafu, na protini za kwenye damu, zile zinazoweza kupanda saratani ikianza, zinasemaje.

Mimi sikukutwa nayo. Mapacha walikuwa nayo wote wawili.

"Protini zenu ziko sawa," daktari akawaambia. "Ila kamera ya utumbo ni lazima."

Kinyozi akaenda. Fundi viatu akaguna.

"Damu imeshasema niko fiti. Kamera ya nini tena, dada?"

Nilimsema mpaka sauti ikakauka. Wapi! Yule tangu utotoni akiona sindano anatafuta mlango, sembuse kamera.

Alipolazwa alikuwa amebaki mifupa mitupu. Daktari alikuwa haamini.

"Mbona protini zake zilikuwa chini kabisa?"

Kinyozi alikuwa amesimama dirishani. Akakaa sakafuni.

"Daktari, ile damu ni yangu. Nilitoa asubuhi, mchana nikarudi nimevaa aproni yake inayonuka gundi, nikatoa mkono wa pili. Mwenzangu anaogopa sindano. Nikasema sisi ni mapacha, damu si ile ile?"



"Jeni ni ile ile," daktari akasema taratibu. "Lakini protini husema habari za mwili uliotoa damu, siku hiyo. Za kwake hatukuziona kamwe."

Fundi viatu akanyoosha mkono akamshika ndugu yake kichwani.

"Acha kulia, wewe. Si mimi niliyekutuma?"

Tulimzika mwezi huo huo. Inaniuma mpaka leo, sitaki kudanganya.

Juzi nilimsindikiza kinyozi kupima tena. Nesi alipomaliza kumtoa damu, mwenyewe akakunja shati kwenye mkono wa pili, akaunyoosha.

"Mmoja unatosha, kaka," nesi akacheka.

Kinyozi akautazama ule mkono, machozi yakamtoka.

Wapendwa, tubebane kwa kila kitu. Ila kwa daktari, kila mtu apeleke mwili wake.